Kichwa cha Vidole Ishirini na Tisa

Usiku wa jana niliota nimeletewa mke mwenza, na mke mwenza mwenyewe ni kishikwambi.

Kaja mchana kweupe, kalazwa ndani ya sanduku lake la kadibodi, kavishwa kifuko cheusi cha mpira. Nyuma yake yuko Mwalimu Raya, yule binti anayesomesha hesabu darasa la tano, kabeba waya wa kuchajia kwa mikono miwili kama anayeshika ncha ya shela ya bi harusi.

"Hodi, Bi Mize," anasema. "Tumekuletea mgeni."

"Karibuni. Mgeni wa nani?"

"Wa mumeo."

Mume huyo msishtuke. Ni mjukuu wangu Faki, mtoto wa binti yangu Asya, ana miaka kumi na mmoja. Kwetu Pemba bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume, na yeye humwita bibi mke, na wakigombania ukoko wa wali hakuna wa kuwasuluhisha. Mume wangu wa ndoa, Mungu amrehemu, nilikaa naye miaka thelathini na sita na hakuwahi kuniletea mke mwenza. Leo nije kuletewa na mtoto wa darasa la tano!

Na kisa chenyewe nilikuwa nimelala nacho kifuani, ndiyo maana kikanifuata ndotoni. Hicho kishikwambi kipo kweli. Kiligawiwa shuleni kwao mwezi uliopita, na watoto hukichukua nyumbani kwa zamu. Ndani yake wamechora bibi kizee, kajifunga kanga, kavaa miwani, jina lake Bibi Hesabu. Anafundisha sehemu kwa kukata mkate wa kumimina. Anafundisha pembe kwa miraba ya mkeka. Anafundisha duara kwa kofia ya mkono. Hachoki, hapaliwi na moshi, haumwi goti. Mtoto akipata jibu, anapuliza tarumbeta na kusema, "Hongera! Umepata!" kwa sauti ya kufika barabarani.

Hayo yote ningeyameza. Lakini Jumapili nipo jikoni nakuna nazi, nasikia sebuleni, "Kitendawili!" Na mume wangu Faki, niliyemfundisha kuhesabu kwa vitobo vya kofia hata hajaota meno ya mbele, anajibu, "Tega!"

Na mie sikuwa nimemtegea.

Niliacha nazi nusu, nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia kama niliyepigwa na jua.

Kisha likaja la kofia. Mwalimu Raya amewaambia watoto, siku ya Alhamisi kila mmoja aje na kitu cha nyumbani kwao chenye hesabu ndani, asimame mbele aieleze. Faki kachagua kofia ninayomshonea mimi. Nikafurahi nusu siku. Nusu ya pili akaja na kishikwambi chake kwapani.

"Bibi, darasani tumepimana kwa tepu kama alivyotuonyesha Bibi Hesabu. Kichwa changu sentimita hamsini na mbili."

"Kichwa chako vidole ishirini na nane," nikamwambia. "Uzi wako huu hapa, una fundo langu mwenyewe. Uzi hausemi uongo."

"Uzi huo wa mwaka jana, bibi."

"Na wewe wa mwaka gani?"

Akacheka, akaondoka. Nami nikachora maua kumi na manne kwenye utepe wa pembeni, kila ua vidole viwili, jumla ishirini na nane. Duara la juu nikalichora upana wa vidole tisa, maana duara la kofia hutaka utepe wa mara tatu yake na kidole kimoja cha kuongezea. Hiyo aliniambia mama yangu, na mama yangu hakuwa na betri.

Sasa turudi kwenye ndoto.

Nimemtandikia mgeni mkeka. Kishikwambi kimekaa, kimejiegemeza ukutani, na Bibi Hesabu ananichungulia kutoka ndani ya kioo.

"Shikamoo, bibi," kinasema.

"Usinishikamoo. Sisi wake wenza, tuko sawa."

"Basi hujambo?"

"Sijambo. Umeamkaje?"

"Asilimia sitini na nne."

"Hata mie," nasema, na ni kweli.

Mwalimu Raya anatazama saa. Anasema kabla ya Alhamisi lazima zamu zigawanywe, nani atakuwa na Faki lini, na kazi hiyo anaifanya Bwana Magazijuto peke yake.

Jina hilo nalijua. Nilimaliza darasa la saba, na tulikuwa tukiliimba asubuhi mpaka koo likauke: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Magazijuto. Nilidhani ni neno la kukumbukia mpango wa hesabu. Kumbe ni mtu, na ana ofisi.

Ofisi yake iko ndani ya kofia. Kuta nyeupe, mviringo, mwanga unaingia kwa vitobo. Naitambua mara moja kuwa ni kazi ya mkono wangu, kwa sababu karibu na mlango kuna jani moja nililolishona kichwa chini mwaka ule wa kipindupindu, na nikadhani hakuna aliyeona.

"Tumeliona," anasema Bwana Magazijuto.

Ni mrefu, kavaa kanzu yenye mifuko mitano. Kila mfuko una mhuri wake.

Mbele yetu kwenye foleni ipo pembetatu. Inaomba kuongezewa pembe ya nne.

"Unaitakia nini?" anauliza Bwana Magazijuto.

"Nimechoka kukaa kwa ncha, bwana."

"Nenda kakae kwa upande."

Pembetatu inajaribu. Inakaa. Inashukuru, inatoka. Nikaona huyu hakimu ana akili, nikampita mtu mmoja mbele yangu, nikasema shida yangu.

"Mie sina mengi, baba. Nataka toa tu. Toa kishikwambi nyumbani kwangu, basi."

"Toa ni ya mwisho, mama."

"Nimetoka mbali."

"Hata nambari hutoka mbali. Mabano kwanza."

Anachomoa mhuri wa kwanza, anagonga hewani. Mianzi miwili iliyopinda inakuja, mmoja kushoto, mmoja kulia, inatufungia ndani mimi na kishikwambi. Hatutoki mpaka tumalize yaliyo baina yetu.

Tukakaa kama wake wenza wanaongojea maji yachemke.

"Kitendawili," kinasema kishikwambi.

Nilijua tu kitaanza hapo.

"Tega."

"Nakwenda, nakwenda, kila siku namaliza nusu ya njia iliyobaki, wala sifiki."

"Fundi anayeniezekea jiko."

"Umekosa."

"Barua ya pensheni."

"Umekosa. Nipe mji."

Nikafikiri. Mji mtu hatoi ovyo, lakini ndivyo mchezo wenyewe ulivyo. "Nakupa Wete."

"Wete nimekwenda, nikala pweza nikashiba. Jibu ni nusu ya nusu ya nusu."

"Hicho si kitu, hicho ni uchoyo," nasema, lakini mji nimeshautoa, na Wete inaondoka. Inatoka nyumba kwa nyumba, bila fujo, kila mtu kakunja kibaraza chake. Inakuja kukaa pale pale kwenye mabano, na sisi tupo sokoni kwake. Kila kitu sasa ni mali ya kishikwambi. Wauza samaki wanaulizana, "Asilimia ngapi leo?" Mwanamke mmoja kamuuzia mwenzake samaki changu, akampulizia tarumbeta.

Muuzaji huyo ananitazama. "Bi Mize, umetugawa sisi?"

"Kitendawili kilikuwa kigumu, dada."

"Si ungetoa Mkoani!"

Nikageukia kishikwambi. Wivu umenikaa kooni kama mwiba wa changu huyo huyo.

"Kitendawili," nasema.

"Tega."

"Nimegawa, wote wamepata. Mmoja kasimama mlangoni, hana wa kushikana naye mkono."

Bibi Hesabu anavua miwani. Kwenye kioo kinatokea kiduara, kinazunguka, kinazunguka. Soko zima limesimama kungojea. Nikaanza kuchagua mji nitakaoutaka.

"Baki," kinasema. Halafu, kwa kuwa hakina mwingine wa kukipongeza, kinajipongeza chenyewe: tarumbeta, "Hongera! Umepata!"

Mianzi inafunguka. Wete inarudi ofisini, inajipanga ukutani.

"Gawanya," anasema Bwana Magazijuto, na kuchomoa mhuri wa pili. "Kiletwe kichwa."

Kichwa kinaletwa. Faki yupo chini yake, anakula andazi.

"Mume wangu!" namwita.

"Naam, mke wangu," anaitika, na macho yapo kwenye kishikwambi.

"Shahidi," anasema Bwana Magazijuto.

Uzi wangu unashuka msumarini, unakuja mwenyewe, unasimama wima mbele ya hakimu. Fundo lake limekaa juu kama koromeo.

"Kichwa hiki vidole vingapi?"

"Ishirini na nane, bwana."

"Ulikipima lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa Ramadhani, baada ya alasiri."

"Na leo?"

Uzi unanitazama. Mie natazama lile jani langu la kichwa chini.

"Leo sijaulizwa," unasema uzi.

Bwana Magazijuto anakipima mwenyewe, kwa vidole vyangu. Siwezi kueleza alivipataje. Vilikwenda, vikahesabu, vikarudi mkononi mwangu vikiwa na harufu ya mafuta ya nazi ya Faki.

"Ishirini na tisa."

Kishikwambi hakikusema kitu. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kingenicheka ningejua pa kukishika.

Basi maua yanatoka kwenye kitambaa, moja moja, na kila ua linachukua vidole viwili na kwenda kusimama. La kwanza, la pili, mpaka la kumi na nne. Kikabaki kidole kimoja sakafuni, na juu yake kasimama nambari Moja.

Ni mwembamba, kasimama wima, kichwa kakiinamisha mbele kidogo.

"Kumi na nne, baki moja," anasema Bwana Magazijuto. "Huyu wa nani?"

Maua yote yanatazama chini.

"Kwenye daftari huwa tunamwandika pembeni," anasema Mwalimu Raya.

"Pembeni wapi?" anauliza Moja.

"Pembeni tu, mwanangu."

"Haya," anasema Moja. "Nimezoea."

Sijui nini kilinipata. Nikainama, na goti langu likalia ofisi nzima ikasikia, nikamwokota, nikamfumba kiganjani. Alikuwa baridi kama sindano ya asubuhi.

Mhuri bado mbichi. Bwana Magazijuto si mtu wa kupoteza wino.

"Nyumba ya Bi Mize," anasema. "Wakazi watano. Gawanya kwa mbili."

Asya binti yangu anatokea, anamshika mkono mumewe Khatib. Hao wawili. Faki anakishika kishikwambi. Hao wawili.

Bwana Magazijuto anayatazama makaratasi yake, halafu ananitazama mimi, kwa adabu.

"Pembeni, mama."

Nikasogea pembeni. Huko pembeni hakuna ubaya. Kuna kigoda, kuna kivuli. Mtu anaweza kukaa huko miaka na asipungukiwe na kitu, isipokuwa kuitwa.

"Zidisha."

Kishikwambi kinasimama kwanza. Kinazidishwa kwa shule arobaini. Vinakuwa vishikwambi arobaini, vinajaza ofisi mpaka dirishani, kila kimoja na Bibi Hesabu wake, na wote wanasema kwa pamoja, "Kitendawili!" Kutoka visiwa vyote nasikia watoto wakijibu, "Tega!" Sauti ikapita juu ya kofia zangu, juu ya sindano zangu, juu ya miaka yangu sitini na nane.

"Na mie nizidishwe," nikasema. "Nimo foleni kama yeye."

"Kwa ngapi?"

"Hata kwa wawili, baba. Mmoja abaki na goti, mwingine afanye kazi."

Anafungua daftari, anapitisha kidole. "Wewe ni kwa moja."

Akanizidisha kwa moja. Nikatoka kama nilivyoingia, na goti lile lile.

Vishikwambi arobaini vinanikodolea macho, miwani arobaini.

"Mwataka nini?" nawauliza. "Si mmeshapata wote?"

"Kichwa," vinasema.

"Kichwa gani?"

"Chochote. Tumefundisha kofia mwezi mzima, hatujagusa kichwa hata kimoja. Kichwa kikoje?"

Nikajifunga kanga upya kabla ya kujibu. Nilitaka waone kuwa sina haraka.

"Kina joto," nikasema. "Nyuma kina kibonde, hapo ndipo uzi hupenda kukaa. Mtoto akiwa na homa unajua kabla hujampima. Akiwa na uongo, pia unajua."

Kimoja cha nyuma, chenye ufa kwenye kioo, kikasema polepole, "Tunakuonea wivu, Bi Mize."

Sitawaficha, nilisikia raha. Raha ile ya kunywa maji ya mtungi.

Haikudumu.

"Jumlisha," anasema Bwana Magazijuto. "Ishirini na nane, jumlisha moja. Mama, fungua mkono."

"Sifungui."

"Jibu linajulikana na watu wote hapa."

"Basi liandikeni. Mkono ni wangu."

Ninyi mtasema ukaidi. Ndiyo, ukaidi. Nikiufungua ule mkono, Moja anatoka, na akitoka, basi kishikwambi kilisema kweli na mimi nilikosea kichwa cha mume wangu mwenyewe. Afadhali nife na ngumi.

Hapo hapo ofisi ni darasa, na leo ni Alhamisi. Faki kasimama mbele, kavaa kofia yangu. Haikuingia. Imekaa juu ya utosi kama kifuniko cha birika.

"Faki kavaa kibakuli!" anasema mtoto mmoja.

"Kamvua paka wao!" anasema mwingine, na darasa zima linavunjika kwa kicheko.

Faki haivui. Anaishika kwa mkono isianguke.

"Kofia ya bibi yangu ndiyo sawa," anasema. "Kichwa ndicho kimekosea."

"Una hakika?" anauliza Bwana Magazijuto.

"Nina hakika. Bibi hakosei."

"Vizuri. Tutakipunguza kichwa."

Anaingiza mkono mfuko wa nyuma, ambao sikuwa nimeuona, anatoa raba. Ni raba ya kawaida, nyekundu upande mmoja, ya buluu upande wa pili. Anakwenda nyuma ya Faki, anaishusha taratibu kwenye kibonde cha kisogo chake, kile kile nilichowaambia vishikwambi.

"Kitafutika kiasi gani?" anauliza Faki.

"Kidole kimoja. Mwaka mmoja tu."

"Futa," anasema mume wangu, na kafumba macho. "Sitautumia."

Raba inagusa nywele.

"Ngoja!" nikasema.

Nikaufungua mkono. Moja akatoka, akanyoosha mgongo, akaniambia, "Ahsante, nilikuwa sipati hewa." Akatembea kwa miguu yake mpaka kwenye kofia, akapanda, akaenda kusimama nyuma kabisa, baina ya ua la kwanza na la kumi na nne. Kofia ikapumua. Ikashuka, ikakaa kwenye kichwa cha Faki mpaka juu ya masikio.

Bwana Magazijuto akarudisha raba mfukoni. Sikuona sura yake ikibadilika. Mtu wa namna hiyo akikasirika au akifurahi ni mamoja.

"Haya, mama. Umefika ulikokuwa unakutaka. Toa."

Mizani inaletwa. Upande wa kulia kimekaa kishikwambi na waya wake. Upande wa kushoto nimekaa mimi, na sindano zangu, na uzi wangu. Ufito wa katikati, unaobeba pande zote mbili, ni Faki. Kanyoosha mikono, mguu mmoja chini, mwingine hewani, anatetemeka kidogo.

"Ukitoa kulia, utoe na kushoto kilicho sawa nacho," anasema Bwana Magazijuto. "Ndiyo kanuni."

"Kishikwambi kiko sawa na nini?"

Anaangalia daftari. "Na wewe."

Nikakitazama kishikwambi. Kikanitazama. Wake wenza tunaweza kuchukiana miaka, lakini tukiwekwa kwenye mizani moja kila mtu anashika ukingo wake vizuri.

"Bibi," anasema Faki, "mkono unaniuma. Toa kitu."

"Kipi, mume wangu?"

"Chochote. Kidogo."

Nikatazama nilivyonavyo. Sindano nazihitaji. Vitendawili navihitaji. Nikaushika uzi wa mwaka jana.

"Toa huu," nikasema.

Uzi haukulia. Ukafungua fundo lake wenyewe, ukawa uzi wa kawaida, ukaanguka. Na upande wa pili, sawa kwa sawa, ikatoka tarumbeta. Ikatoka na "Hongera!" yake na "Umepata!" yake, zote tatu zimefungwa pamoja kama fungu la mchicha, zikaanguka chini bila mlio. Bibi Hesabu akafumbua kinywa kulalamika. Hakikutoka kitu.

Mizani ikatulia. Faki akashusha mguu. Bwana Magazijuto akagonga mhuri wa tano, na mhuri ule ukanigonga mimi kwenye goti, nikaamka.

Jua limeshapanda. Asya anafagia uani. Nimelala juu ya mkono wangu wa kulia, ngumi nimeifumba, na ndani hamna kitu ila alama za kucha.

Leo ni Jumatano. Kofia ipo kwenye kikapu, utepe na duara bado sijaviunga, na duara nilikuwa sijalikata. Nikakata uzi mpya kwenye kibonge, nikatoka nao. Faki amekaa kizingitini na sare zake, kishikwambi mapajani, anamalizia hesabu za jana.

"Mume wangu, lete kichwa."

"Bibi, si ulisema uzi hausemi uongo?"

"Hausemi. Haukuulizwa."

Nikauzungusha, ukakaa kwenye kibonde. Nikauhesabu kwa vidole mara mbili. Ishirini na tisa. Nikafunga fundo jipya. Nikarefusha utepe kwa kidole, duara nikaliongezea ukingo kidogo. Nyuma, baina ya ua la kwanza na la kumi na nne, nikachora kwa penseli mstari mmoja, mwembamba, uliosimama wima. Nikakaa karibu yake nikaanza kuutoboa kwa sindano.

Faki akanyoosha shingo. "Na hiki nini, bibi?"

"Baki."

"Kwenye daftari tunaiandika pembeni."

"Kwenye kofia inakaa hapo."

Akakitazama kile kimstari. Akakigusa. "Alhamisi nitaanzia hapo," akasema, akarudi kwenye hesabu zake.

Nikamwacha. Nikatoboa kitobo cha pili, cha tatu. Akaandika jibu, akabonyeza, akangoja. Akabonyeza tena. Akakitikisa kishikwambi, akakiweka sikioni.

"Bibi, nimepata, angalia alama ya kijani. Lakini leo hakisemi."

"Kiongeze sauti."

"Iko mwisho."

Nikainama kuchungulia. Ndani ya kioo Bibi Hesabu kashika tarumbeta, mashavu yamejaa, macho yamemtoka. Anapuliza, anapuliza. Kimya kama cha kaburini.

Nikakata uzi kwa meno.

"Hongera, mume wangu," nikamwambia mimi. "Umepata."